Si Kila Mwembamba Amekonda

Mtu akirudi kijijini baada ya kukaa mbali kwa miezi mingi, watu humtazama mwili kwanza, ndipo humpa mkono. Mmoja husema, "Umenenepa! Huko kuna chakula kizuri." Mgeni hucheka. Mwingine husema, "Mbona umekonda hivyo? Una nini?" Mgeni hukosa la kujibu.

Watu hao hawana nia mbaya. Tangu zamani tumezoea kusoma habari za mtu katika mwili wake. Hata leo mtu akiwa mnene tunasema "ana afya", kana kwamba unene na afya ni kitu kimoja.

Maneno yetu ya wembamba ni mengi. Kuna "mwembamba". Kuna "amekonda". Kuna "kimbaombao". Kuna "ukondefu". Kila neno lina kazi yake. Lakini mara nyingi tunayachanganya. Mtu mzima wa afya tunamwita mgonjwa. Mtoto mgonjwa tunamwita mzima. Kosa la kwanza huleta aibu. Kosa la pili laweza kuleta kifo.

Basi tuyachukue maneno hayo moja moja. Tuyatazame vizuri.

NENO LA KWANZA: MWEMBAMBA

Neno hili hueleza umbo tu. Kitu chembamba ni kitu kisicho na unene au upana mwingi. Neno hubadilika kufuata jina linalosifiwa. Soma kwa sauti:

Mtu mwembamba, watu wembamba.
Mti mwembamba, miti myembamba.
Kijiti chembamba, vijiti vyembamba.
Jani jembamba, majani membamba.
Ufito mwembamba, fito nyembamba.
Mahali pembamba.

Je, umeona ubaya wowote katika maneno hayo? Hakuna. Fito nyembamba hujenga ukuta imara. Sindano nyembamba hushona nguo ya harusi. Njia nyembamba hukufikisha kisimani sawa na njia pana.

Tena tuna msemo wetu: usidharau wembamba wa reli, garimoshi hupita. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Kigoma mwaka 1914. Ukisimama kando ya reli utaona kwamba chuma kinachokanyagwa na gurudumu hakifiki upana wa kiganja. Hata hivyo, mabehewa yaliyojaa mizigo hupita juu yake.

Ndivyo ilivyo kwa watu. Wako watu wa ukoo wa watu wembamba. Babu alikuwa mwembamba. Baba ni mwembamba. Mtoto naye amefuata. Wanalima, wanapasua kuni, wanapanda mlima bila kuhema. Hao si wagonjwa. Wembamba wao ni umbo lao, kama urefu au ufupi.

Tena Kiswahili hakisemi kila kitu ni chembamba. Uji hauitwi mwembamba. Uji wenye maji mengi na unga kidogo ni uji mwepesi. Uji wenye unga wa kutosha ni uji mzito. Likumbuke jambo hilo la uji. Tutalirudia, maana lina uhai wa watoto ndani yake.

NENO LA PILI: AMEKONDA

Sasa tazama tofauti. "Mwembamba" hutuambia mtu yukoje. "Amekonda" hutuambia mtu amebadilika. Zamani alikuwa na mwili, sasa umepungua. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mwembamba maisha yake yote wala asikonde hata siku moja. Na mtu mnene anaweza kukonda, lakini bado akawa mnene kuliko majirani zake wote.

Neno "amekonda" ni habari. Na kila habari ina maswali yake. Tangu lini? Kwa sababu gani?

Mfugaji analijua jambo hili kuliko watu wengi. Wakati wa kiangazi majani hukauka na ng'ombe wote hukonda. Mfugaji husikitika, lakini hashangai. Mvua zikinyesha watanenepa tena. Lakini siku akiona ng'ombe mmoja anakonda peke yake, na wenzake wana miili yao, siku hiyo hapati usingizi. Anajua kuna jambo. Labda ni minyoo. Labda ni nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Anamwita mtaalamu wa mifugo. Hangoji mpaka ng'ombe aanguke.

Ndugu msomaji, jiulize. Je, mtoto wako akikonda peke yake wakati wenzake wanakua, unafanya haraka kama unavyofanya kwa ng'ombe?

Mtu mzima naye hukonda kwa sababu nyingi. Anaweza kukonda kwa njaa. Anaweza kukonda kwa kazi nyingi na chakula kidogo, kama wanawake wengi wakati wa palizi. Anaweza kukonda kwa mawazo. Ndiyo maana tukimtuliza mwenye shida tunamwambia, "Usikonde." Hatuzungumzi juu ya nyama za mwili. Tunamwambia asijitie wasiwasi. Wazee waliona zamani kwamba wasiwasi hula mwili wa mtu.

Lakini kukonda pia ni dalili ya magonjwa. Mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayepata homa, anayetoka jasho usiku, na anayekonda, yafaa apimwe kifua kikuu. Ugonjwa huo unapona. Kwa kawaida dawa zake hutumika kwa miezi 6, na katika vituo vya Serikali hutolewa bila malipo. Mtu anayekonda huku ana kiu nyingi na anakojoa mara kwa mara, yafaa apimwe kisukari. Yapo magonjwa mengine pia. Jirani hawezi kuyajua kwa kutazama. Kituo cha afya kinaweza kuyapima.

MANENO YA UTANI

Watu hupenda utani. Mtu mwembamba mrefu huitwa kimbaombao. Aliyekonda sana husemwa amekuwa ng'onda, yaani kama samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani. Wengine husema amebaki mifupa na ngozi. Msichana mwenye kiuno chembamba husifiwa kwamba ana kiuno cha nyigu. Hapo wembamba ni uzuri.

Lipo pia neno "njiti". Njiti ya kiberiti ni nyembamba na huvunjika upesi. Kwa sababu hiyo mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijafikia wiki 37 huitwa mtoto njiti. Zamani watu wengi walimkatia tamaa mtoto wa namna hiyo. Leo watoto njiti wengi hupona. Mama humweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, humfunika, na humpa maziwa yake kidogo kidogo. Joto la mwili wa mama humkinga mtoto na baridi. Wahudumu wa afya humfundisha mama namna ya kufanya, nao humchunguza mtoto. Njiti huyo akitunzwa hukua akawa gogo.

Utani si dhambi. Lakini angalia unamtania nani. Mtu aliyekonda kwa ugonjwa akiitwa ng'onda mbele ya watu, kesho hatatoka nje. Na asipotoka nje, hatafika hospitali.

NENO LILILOLETA HOFU

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, waliona ugonjwa mgeni. Mtu aliharisha kwa muda mrefu, akapata homa, akakonda mpaka akafa. Watu hawakujua ugonjwa huo ni nini. Wakaupa jina kwa kile walichokiona. Wakauita "slim". Hilo ni neno la Kiingereza, maana yake ni "mwembamba". Katika Luganda likawa "siliimu".

Hapa kwetu Tanzania wagonjwa watatu wa kwanza waliripotiwa mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, unaopakana na Uganda. Huko ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo za fasheni zilizopendwa wakati ule. Baadaye Kiswahili kikapata jina lake: UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini.

Tazama jinsi majina yanavyofanya kazi. Jina la "slim" lilifundisha watu jambo moja la kweli: mgonjwa asiyetibiwa hukonda. Lakini lilificha mambo mawili.

Jambo la kwanza ni hili. Mtu anaweza kuwa na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi bila kukonda hata kidogo. Ana mwili, ana nguvu, anacheza mpira. Watu waliotafuta wembamba hawakumwona. Wakasema, "Huyu mnene, huyu hana." Wengi waliambukizwa kwa sababu ya neno hilo.

Jambo la pili ni hili. Watu waliokonda kwa sababu nyingine walinyooshewa kidole. Mwenye kifua kikuu alisemwa. Mwenye kisukari alisemwa. Hata mwembamba wa kuzaliwa alisemwa. Wengine walificha maradhi yao kwa kuogopa maneno. Na wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Leo mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bila malipo nchini. Tangu mwaka 2016 utaratibu ni kwamba mtu akipimwa na kukutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja augue. Anayezimeza kila siku hurudisha mwili, hufanya kazi, hulea watoto wake. Kwa hiyo, jicho halipimi UKIMWI. Damu ndiyo hupimwa.

NENO LENYE AIBU: AMEBEMENDWA

Sasa tufike kwa watoto. Hapa ndipo maneno yana uzito mkubwa zaidi.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto mdogo akidhoofu, watu hunong'ona: "Mtoto huyu amebemendwa." Maana yake, wazazi wamekutana kabla mtoto hajakua, au mama amepata mimba nyingine mapema, na kwa hiyo mtoto ameharibika. Neno hili ni zito. Mama huona aibu. Humfunika mtoto kwa kanga asionekane. Huogopa kliniki, maana huko wanawake wengine watamwona. Badala ya chakula, mtoto hupewa dawa za kienyeji. Siku zinapita.

Tusiwacheke wazee wetu. Waliona jambo la kweli. Waliona kwamba mama akipata mimba mapema, mtoto wa mgongoni huachishwa ziwa mapema. Naye hudhoofu.

Na si sisi tu tulioliona. Katika nchi ya Ghana watu wanaosema lugha ya Kiga walikuwa na jina la ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mwenzake anakuja. Daktari mmoja Mwingereza, Cicely Williams, alifanya kazi huko. Mwaka 1933 aliandika habari za ugonjwa huo, na mwaka 1935 alilitumia jina lake la Kiga. Dunia nzima ikalichukua jina hilo. Sisi tunalitamka "kwashakoo".

Kwa hiyo wazee waliijua dalili. Lakini sababu yake si ile inayonong'onwa. Baba na mama kukutana hakuharibu maziwa. Maziwa ya mama hayachachi kifuani. Mtoto hudhoofu kwa sababu amekosa maziwa, na chakula alichopewa mahali pa maziwa hakitoshi, au ameugua mara nyingi kwa kuhara na homa. Kwa kawaida mama mwenye mimba anaweza hata kuendelea kunyonyesha. Aulize kliniki.

Dawa ya jambo hili ni tatu. Kwanza, nafasi ya kutosha kati ya mtoto na mtoto, kwa uzazi wa mpango. Pili, chakula bora. Tatu, matibabu ya mapema. Aibu si dawa.

MTOTO ALIYEVIMBA

Mtoto mwenye kwashakoo hudanganya macho. Miguu yake huvimba. Mashavu hujaa. Nywele hubadilika rangi na kuwa nyepesi. Ngozi huweza kubanduka. Bibi anaweza kusema, "Mjukuu wangu amenenepa." Kumbe ule si unene, ni maji. Mtoto yu hatarini.

Fanya hivi. Mkalishe mtoto. Bonyeza juu ya miguu yake yote miwili kwa vidole gumba, huku ukihesabu polepole mpaka tatu. Kisha ondoa vidole. Ikiwa mashimo yamebaki kwenye miguu yote miwili, usingoje kesho. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo.

UKONDEFU NA UDUMAVU

Wataalamu wa lishe wana maneno yao mawili. Inafaa kila mwanakijiji ayajue.

Ukondefu ni hali ya mtoto ambaye uzito wake ni mdogo mno ukilinganisha na urefu wake. Huja upesi, kwa njaa au maradhi. Mbavu huonekana. Ngozi ya makalio hulegea na kufanya mikunjo. Mtoto mwenye ukondefu mkali anaweza kufa upesi.

Udumavu ni hali ya mtoto ambaye ni mfupi mno kwa umri wake. Huja polepole, kwa lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Mara nyingi huanza tangu mtoto akiwa tumboni mwa mama. Mtoto huyo huenda asiwe mwembamba. Huenda akawa na mashavu na tumbo. Mtu akimtazama husema, "Mtoto mzuri, ana miaka miwili." Kumbe ana miaka mitatu na nusu. Mwili haukukua ipasavyo, na akili pia huathirika. Shuleni hupata shida.

Sasa tazama hesabu. Uchunguzi wa Taifa wa mwaka 2022 ulipima watoto wenye umri chini ya miaka 5. Katika kila watoto 100, watoto 3 walikuwa na ukondefu. Lakini watoto 30 walikuwa na udumavu. Soma tena: 3 na 30. Tukitafuta watoto waliokonda tu, tutawaona wale 3. Wale 30 watatupita mbele ya macho.

Jambo jingine la kushangaza ni hili. Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayovuna mahindi mengi. Lakini mwaka huo wa 2022 zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walikuwa na udumavu, na katika Njombe na Rukwa ilikuwa karibu nusu. Ghala limejaa, mtoto amedumaa. Kwa nini? Kwa sababu tumbo kushiba si sawa na mwili kulishwa. Ugali peke yake hauujengi mwili wa mtoto. Tena mama mwenye kazi nyingi shambani hapati nafasi ya kumlisha mtoto mara nyingi kwa siku.

Nchi yetu imeanza kazi hii siku nyingi. Mwaka 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka 1975 watu walikusanyika kando ya redio vijijini katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa Iringa, kwa msaada wa UNICEF na WHO. Vijiji vya kwanza vilikuwa 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, na wanakijiji wenyewe walijadili matokeo. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Kazi hiyo ilionyesha kwamba kijiji kinachopima kinaweza kuokoa watoto wake. Lakini udumavu haujaisha. Kazi bado ipo.

UJI MWEPESI NA UJI MZITO

Tulisema tutarudi kwenye uji.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ana tumbo dogo. Mlo mmoja wake ni kama kikombe kimoja kidogo. Ukijaza kikombe hicho kwa uji mwepesi, umempa maji ya moto yenye rangi ya unga. Tumbo linajaa, mtoto ananyamaza, lakini mwili haujapata kitu. Baada ya miezi michache uji huo mwepesi unamfanya mtoto naye kuwa mwepesi.

Uji wa mtoto uwe mzito. Chota kwa kijiko, kisha inamisha kijiko. Ukitiririka kama maji, ni mwepesi mno. Ukibaki kwenye kijiko na kudondoka polepole, huo unafaa.

Akina mama wengine husema, "Uji mzito mtoto hauwezi." Ni kweli, mtoto mdogo huweza kushindwa kuumeza. Lakini usiongeze maji. Ongeza kimea. Kimea cha ulezi kinajulikana vijijini kwa kutengenezea togwa na pombe. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wetu wa lishe wameonyesha kwamba kinafaa pia kwa uji wa mtoto. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe cha uji. Koroga. Utaona uji unalegea wenyewe bila maji. Kisha urudishe motoni uchemke tena. Sasa mtoto anaweza kuunywa, na chakula chote bado kimo ndani. Tumia kimea kikavu na safi, kisicho na ukungu.

Kisha tia kitu cha kujenga mwili. Tia karanga zilizosagwa, au unga wa dagaa, au maziwa, au yai, au maharage yaliyopondwa. Tia mafuta kidogo. Karanga zenye ukungu zitupe, zina sumu. Mpe mtoto mboga za majani zilizopondwa na matunda kama papai na embe.

Kumbuka pia mambo haya:

Mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi 6. Hata maji asipewe.

Kuanzia miezi 6 apewe chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Wa miezi 9 na kuendelea ale mara 3 au 4, pamoja na kitu kidogo cha katikati.

Mama mjamzito naye ale vizuri na apunguziwe kazi. Baba, jambo hili ni lako pia. Siku 270 za mimba na siku 730 za miaka miwili ya kwanza ni siku 1,000. Katika siku hizo ndipo udumavu huzuiwa. Zikipita, ni vigumu kuzirudisha.

PIMA, USIKISIE

Tumeona kwamba jicho hukosea. Humwita mwembamba mgonjwa. Humwita aliyevimba mnene. Humwita aliyedumaa mzima. Kwa hiyo tutumie vipimo.

Kipimo cha kwanza ni mizani. Mpeleke mtoto kliniki kila mwezi, hata kama haumwi. Uzito wake huandikwa kwenye kadi. Wewe sasa unajua kusoma. Basi soma kadi ya mtoto wako. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Mstari ukilala, uliza sababu. Mstari ukishuka, kuna hatari. Omba apimwe na urefu pia, maana mizani peke yake haionyeshi udumavu.

Kipimo cha pili ni utepe wa mkono. Mhudumu wa afya huuzungusha katikati ya mkono wa juu wa kushoto, kati ya bega na kiwiko. Ni kwa watoto wa miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Utepe una rangi tatu. Kijani ni sentimita 12.5 na zaidi: mtoto yu salama. Njano ni kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5: mtoto ana ukondefu wa kadiri, apewe msaada. Nyekundu ni chini ya 11.5: ukondefu mkali, apelekwe kutibiwa mara moja. Mama anaweza kufundishwa kuutumia utepe huo nyumbani kwake.

Ndugu msomaji, maneno ni zana kama jembe. Jembe likishikwa vibaya hukata mguu. Ukimwona jirani ni mwembamba, mwache na umbo lake. Ukiona amekonda, usimcheke na usimtangaze. Muulize taratibu, kisha msindikize kituo cha afya. Ukisikia mtoto fulani amebemendwa, mwambie mama yake, "Tumpeleke akapimwe." Na mtoto wako akionekana mnene, bado mpime.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya mtu mwembamba na mtu aliyekonda?

2. Kwa nini jina la "slim" liliwadanganya watu?

3. Katika kijiji chenu watu humwitaje mtoto aliyedhoofu? Je, neno hilo linamsaidia mama au linamtia aibu?

4. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu. Utajuaje kwamba amedumaa?

5. Leo jioni utazame uji wa mtoto nyumbani kwako. Inamisha kijiko. Je, ni mwepesi au mzito? Utaongeza nini?

6. Tunga sentensi tano ukitumia maneno haya: chembamba, nyembamba, amekonda, ukondefu, udumavu. Kisha msomee jirani ambaye hajajua kusoma.